Wajumbe wa Lancaster na Waliowatuma

Kuna hukumu moja inayotolewa kwa wepesi kila Wakenya wanapokutana kuzungumzia katiba yao ya kwanza. Husemwa kwamba katiba iliyotuletea uhuru tarehe 12 Desemba 1963 ilikuwa kazi ya Mwingereza. Kwamba ilipikwa London na kupakuliwa London, na wajumbe wetu walikwenda kutia sahihi tu. Kwa hiyo si ajabu ilivunjika mapema. Hukumu hiyo ina chembe ya ukweli, lakini naona imemwachilia mshtakiwa halisi akaenda zake. Katiba ile haikuuawa na ugeni wake. Iliuawa na watu wale wale waliokwenda kuitunga, wakiwa nyumbani, mchana kweupe, ndani ya Bunge, kwa kufuata utaratibu wa sheria. Nao waliweza kufanya hivyo kwa sababu hapakuwa na mtu aliyejiona kuwa ndiye aliyewatuma, wala wa kuwauliza habari za ujumbe wake.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Naomba tuipime methali hiyo kwa historia yetu wenyewe, kwa kuwa jambo hili si la wanahistoria peke yao. Nchi yetu ina katiba nyingine sasa, ya mwaka 2010, na wako wanaoitazama kama mafundi wanavyotazama nyumba ambayo mwenyewe amesafiri.

Tuanze na wajumbe. Mkutano wa kwanza wa Lancaster House ulifunguliwa tarehe 18 Januari 1960 chini ya Waziri wa Makoloni, Iain Macleod. Waafrika waliokwenda walikuwa wale 14 waliochaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, 8 mwaka 1957 na 6 zaidi mwaka 1958. Kiongozi wao alikuwa Ronald Ngala na katibu wao Tom Mboya. Pamoja nao walikuwamo Oginga Odinga, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, Julius Kiano na wenzao. Ukambani uliwakilishwa na James Nzau Muimi na David Mumo.

Hawakuwa watu wa kudharauliwa hata kidogo. Walisusia vikao vya mwanzo kwa siku kadhaa, wakidai Peter Mbiyu Koinange, ambaye serikali ya kikoloni haikutaka hata kumwona mlangoni, akubaliwe kuwa mshauri wao. Walimpata pia mwanasheria Mmarekani mweusi, Thurgood Marshall, aliyekuwa ameshinda mwaka 1954 kesi mashuhuri dhidi ya ubaguzi katika shule za Marekani, naye akawasaidia kuandika rasimu ya haki za binadamu. Na hawakurudi mikono mitupu: kwa mara ya kwanza ilikubaliwa kwamba Waafrika wangekuwa wengi katika Baraza lile.

Lakini, ndugu msomaji, ni nani aliyewatuma? Uchaguzi wa 1957 haukuwa wa kila mtu. Ili kupiga kura mtu alipaswa kuwa na elimu, au kipato, au mali, au utumishi wa kiwango fulani. Na mwenye sifa nyingi aliweza kupewa hadi kura tatu. Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alitakiwa kwanza athibitishe utiifu wake kwa serikali. Mkulima wa Kathiani asiye na cheti wala mshahara, au mjane wa Mwala aliyelima kipande chake cha shamba, kwa kawaida hakuhesabiwa. Vyama vya kitaifa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku tangu Hali ya Hatari, na vilivyoruhusiwa baadaye vilikuwa vya wilaya tu. Jomo Kenyatta alikuwa bado amezuiliwa Lodwar. Paul Ngei, mwana wa Kangundo aliyehukumiwa pamoja naye Kapenguria mwaka 1953, naye hakuwa huru.

Katika mkutano wa pili, ulioanza tarehe 14 Februari 1962 na kuendelea hadi mapema Aprili, mambo yalikuwa yamebadilika. Sasa palikuwa na vyama viwili, KANU na KADU, vyote vilivyozaliwa mwaka 1960. Kenyatta alikuwa huru na aliongoza upande wa KANU. Ngala aliongoza KADU, na Moi na Muliro wakiwa pamoja naye. KADU ilidai serikali ya majimbo kwa sababu makabila madogo yaliogopa kumezwa na makubwa, hasa katika suala la ardhi. Si haki kuicheka hofu hiyo. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba haikuwa ndoto ya mchana. KANU ilitaka serikali moja yenye nguvu katikati. Waingereza walikaa mezani wakipima, na kutetea pia masilahi ya walowezi. Katika ujumbe wote wa Kiafrika mwanamke alikuwa mmoja tu, Priscilla Abwao.

Kilichotoka katika mvutano huo, na kukamilishwa katika mkutano wa tatu wa Septemba na Oktoba 1963, hakikuwa kitu duni. Katiba ya uhuru ilikuwa na sura ya haki za binadamu, mahakama huru, mikoa yenye mabaraza yake, na Bunge la nyumba mbili: Baraza la Wawakilishi na Seneti ya watu 41. Kuibadili kulihitaji robo tatu ya kura katika kila nyumba, na kwa vifungu vilivyolindwa zaidi, asilimia 90 ya Seneti. Mtu akiisoma leo kwa haki atakiri kwamba sehemu kubwa ya yale tuliyoyapigania katika miaka ya 1990 tulikuwa tumekwisha kuyapewa mwaka 1963 kwa maandishi.

Kasoro ilikuwa mahali pengine. Sisi mawakili tuna kanuni ambayo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huifahamu: wakili hatendi bila maelekezo ya mteja wake, na kazi ikiisha humrudishia mteja faili na hesabu. Katiba ya 1963 haikuwa na mteja. Iliandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, ikaambatishwa kwenye Amri ya Malkia, ikasafirishwa kuja Nairobi. Haikupigiwa kura ya maoni. KANU ilikuwa imeyakubali majimbo ili uhuru usicheleweshwe, ikitarajia kuyaondoa baadaye; na KADU ilitumainia asilimia zilizoandikwa katika karatasi. Wote wawili walitazamana wao kwa wao, wala hakuna aliyegeuka kumtazama mwananchi.

Basi tuone jinsi ilivyobomolewa. Mnamo Novemba 1964 KADU ilijivunja na viongozi wake wakahamia KANU. Watu wale wale waliokesha London wakidai majimbo sasa walikuwa upande wa wanaoyafuta. Tarehe 12 Desemba 1964 nchi ikawa jamhuri, na madaraka ya mikoa yakaanza kuporomoka. Mwaka 1965 kiwango cha kura cha kubadili katiba kilishushwa hadi asilimia 65, ili kazi iliyosalia iwe rahisi. Mwaka 1966, Odinga na wenzake walipotoka KANU na kuingia KPU, katiba ilibadilishwa haraka ili kila mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Na katika mwaka huo huo mamlaka ya kuwafunga watu bila kesi yakapanuliwa. Odinga, aliyekaa Lancaster House akidai uhuru, aliwekwa kizuizini mwaka 1969 katika nchi huru.

Kisha ikaja zamu ya Seneti, nyumba iliyokuwa imewekwa kuwa mlinzi wa mlango. Ilikubali kujiua. Yaliundwa maeneo mapya 41 ya uwakilishi ili maseneta waingie katika Bunge la nyumba moja, na muda wa Bunge ukaongezwa. Kufikia mapema mwaka 1967 Seneti ilikuwa imekwisha. Mlinzi alipewa kiti ndani ya nyumba, akaacha lango wazi.

Katika hatua hizo zote, hakuna hata mara moja ambapo mwananchi aliulizwa. Wala, tuseme kweli, hakupaza sauti kubwa. Angepigania vipi kitu ambacho hakukijua? Mtu huulinda mzinga aliouchonga na kuutundika mwenyewe. Wa jirani ukianguka husikia kishindo tu.

Sisi wa Machakos tuna fundisho letu la pekee katika habari hii, na si vizuri kulipita kimya. Mwaka 1975 Mahakama Kuu ilimpata Paul Ngei na hatia ya kosa la uchaguzi katika kiti cha Kangundo. Kwa sheria ilivyokuwa, angezuiwa kugombea kwa muda wa miaka mitano. Badala ya sheria kufuata mkondo wake, katiba ya nchi ilibadilishwa mwaka huo huo ili Rais awe na uwezo wa kumsamehe mtu aliyezuiwa kwa kosa la namna hiyo. Ngei alisamehewa na akarudi Bungeni. Mkataba mkuu wa taifa zima ulifumuliwa na kushonwa upya kwa kipimo cha mtu mmoja.

Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu wa Kangundo angefurahi. Ngei alikuwa ameteseka kwa ajili ya uhuru. Alikuwa shujaa wa watu wetu, na heshima hiyo simwondolei. Lakini tuangalie kilichofuata. Bunge lililozoea kubadili katiba ili kumfaa rafiki halikuona taabu kuibadili ili kumdhuru adui. Mwezi Juni 1982 kiliingizwa kifungu cha 2A, nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Mwaka 1986 Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu waliondolewa kinga ya kazi zao. Mwaka 1988 majaji nao. Aliyekuwa Rais wakati huo alikuwa ameketi Lancaster House mwaka 1960 na 1962, upande wa wale waliotaka madaraka makubwa yasilundikwe mahali pamoja. Katiba ikishapindwa kwa ajili ya mtu wetu, hatuna tena mdomo wa kulalamika inapopindwa kwa ajili ya mtu wao.

Kazi ya kumrudisha mteja mezani ilichukua miaka mingi na gharama kubwa. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, lakini wengi walitambua upesi kwamba vyama vingi juu ya katiba ya chama kimoja ni divai mpya katika viriba vikuukuu. Ndipo yakaja madai ya katiba mpya itakayotoka kwa watu, na hapo Kanisa lilisimama mahali pake. Baraza la Makanisa, maaskofu wa Kikatoliki kwa barua zao za kichungaji, na baadaye viongozi wa dini mbalimbali waliokutana Ufungamano, walishikilia jambo moja: wanasiasa wasiachiwe peke yao. Ukambani nao haukukosa sehemu. Willy Mutunga na Kivutha Kibwana walikuwa miongoni mwa wanasheria waliobeba mzigo wa madai hayo, na Nzamba Kitonga akaja kuwa mwenyekiti wa Kamati ya Wataalamu iliyoandika rasimu ya mwisho.

Mkutano wa Bomas ulioanza tarehe 28 Aprili 2003 ulikuwa na wajumbe 629. Ndani yake walikuwamo wabunge wote, lakini pia wajumbe watatu kutoka kila wilaya, na watu wa dini, wanawake, wafanyakazi na wenye ulemavu. Tusiupambe kupita kiasi: palikuwa na kelele, hila na posho. Palikuwa pia na damu. Dakta Crispin Odhiambo Mbai, aliyeongoza kamati ya ugatuzi, aliuawa kwa risasi mnamo Septemba 2003. Machi 2004 upande wa serikali ulitoka nje. Na mwezi huo huo, katika kesi iliyofunguliwa na Mchungaji Timothy Njoya na wenzake, Mahakama Kuu ikatamka kwamba uwezo wa kuunda katiba ni wa watu wenyewe, na kwamba katiba mpya sharti iletwe kwao katika kura ya maoni.

Wapo waliokasirishwa na uamuzi huo kwa kuwa uliichelewesha rasimu ya Bomas. Mimi naona ndio uliojibu swali lililoachwa wazi mwaka 1960. Nani amewatuma? Watu. Basi warudieni watu. Mwaka 2005 watu walirudiwa, na takribani asilimia 58 wakasema la. Tarehe 4 Agosti 2010 wakarudiwa tena, baada ya nchi kuungua mwaka 2007 na 2008, na kiasi cha asilimia 67 wakasema ndiyo. Makanisa mengi yalikuwa yameshauri kura ya la mwaka ule, kwa sababu ya vifungu vya uavyaji mimba na mahakama za Kadhi. Nawaambia ndugu waliopiga kura hiyo: nanyi ni wenye katiba hii. Mteja hakomi kuwa mteja kwa sababu alibishana na wakili wake juu ya kipengele kimoja.

Huenda mtu akauliza: kama watu wamekwisha kupiga kura, kuna hatari gani tena? Hatari ni ile ile ya 1964, ila imevaa nguo mpya. Mwaka 2020 ulipokuja mpango wa BBI, ulipewa jina la mpango wa wananchi, ingawa ulikuwa umeanza kwa mkono wa kiongozi wa nchi. Sahihi zaidi ya milioni moja zilikusanywa. Ni wangapi kati ya waliotia sahihi walikuwa wameusoma mswada? Mnamo Februari 2021 mabunge mengi ya kaunti yaliupitisha kwa kasi ya ajabu, na katika mwezi huo huo wawakilishi wa wadi walikuwa wameidhinishiwa ruzuku ya magari ya shilingi milioni 2 kila mmoja. Sisemi kura ilinunuliwa. Sina ushahidi wa kusimama nao mahakamani. Nasema kwamba aliyesoma habari za maseneta 41 hakosi kutikisa kichwa.

Safari hii mlango haukufunguka. Mahakama Kuu mnamo Mei 2021, Mahakama ya Rufani mnamo Agosti, na hatimaye Mahakama ya Juu tarehe 31 Machi 2022, zote zilikataa mpango ule. Na Mahakama ya Juu ikasema kwamba Rais hawezi kuianzisha njia ambayo katiba imewawekea wananchi. Tumshukuru Mungu kwa majaji wenye uti wa mgongo. Lakini tusijidanganye. Nchi ambayo katiba yake inalindwa na majaji peke yao imeweka mayai yote katika kapu moja, na historia yetu ya mwaka 1988 inatukumbusha jinsi majaji wanavyoweza kuvuliwa kinga.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji kufutwa ili yafe, yanatosha kupuuzwa. Katiba inasema kwamba zaidi ya theluthi mbili ya wanachama wa chombo chochote cha kuchaguliwa wasiwe wa jinsia moja. Bunge lilishindwa kuitungia sheria hiyo hata baada ya amri za mahakama, hadi Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mnamo Septemba 2020 alivunje. Halikuvunjwa. Tulitoka kwa Priscilla Abwao mmoja mwaka 1962. Tumesogea, lakini si kwa kadiri tuliyoahidiana.

Tufanye nini, basi? Sitaji jambo la ajabu. Kwanza, katiba isomwe. Tafsiri ya Kiswahili ipo. Kila jumuiya ndogondogo, kila umoja wa akina mama na wa vijana katika parokia na makanisa yetu, na iwe na nakala yake, na isome sura moja kwa mwezi, kuanzia ile ya haki za binadamu. Ezra hakukifungia kitabu cha sheria katika sanduku la makuhani. Alikifungua mbele ya watu wote, wanaume kwa wanawake, uwanjani, na Walawi wakawafafanulia mpaka wakaelewa. Hiyo ni kazi ya Kanisa tangu zamani, wala si siasa za kukodiwa.

Pili, tuhudhurie. Bajeti ya kaunti na miswada yake haiwezi kupitishwa kihalali bila wananchi kushirikishwa. Mkutano ukiitwa Machakos mjini, Matungulu, Masinga au Yatta, na ukumbi ukawa na watu 20 waliokuja kwa ajili ya soda, tusishangae fedha zinapokwenda kusikojulikana. Twende na maswali yaliyoandikwa, tudai majibu yaandikwe.

Tatu, asitie mtu sahihi asichokisoma. Mapendekezo ya kuibadili katiba hayajakoma tangu 2010, wala hayatakoma, na mengine huenda yakawa mema. Anayekuletea karatasi umwombe muda, umwombe nakala, umwulize ni nani atakayenufaika. Na ukiona mabadiliko yenyewe yanamfaa mtu mmoja, hata awe ndugu yako, hata awe shujaa wa kwenu, kumbuka Kangundo na mwaka 1975.

Wajumbe wa Lancaster wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na hukumu yao haiko mikononi mwetu. Walikuwa watu wenye vipaji na ushujaa, wakiwa na hofu na tamaa kama watu wote. Wangeweza kuwa watunzaji bora wa kazi yao kama wangejua kwamba nyumbani kuna macho yanayowatazama. Mjumbe hauawi, wazee walituambia, na ni kweli. Lakini mjumbe huulizwa. Akirudi huketishwa, hupewa maji, kisha huulizwa mbele ya watu alisema nini, alikubali nini, na kwa ruhusa ya nani. Hilo ndilo hatukulifanya mwaka 1963. Tulifanye sasa, kwa upole na bila kuchoka, kila wanapotujia wakisema wanatenda kwa jina letu.